Jina la Ugonjwa wa Kato

Kwa muda wa miaka 36, tangu 1988 hata nilipostaafu mwaka 2024, kazi yangu ilikuwa kupima damu, mkojo na choo katika maabara ya hospitali moja hapa Uganda. Si kazi ya kusimuliwa watu wakiwa mezani. Marehemu mama yangu, majirani walipomwuliza binti yake afanya kazi gani, alizoea kujibu kwamba niko ofisini. Leo nimeshika kalamu kueleza habari ya chupa moja ya choo cha mtoto, kwa sababu chupa hiyo ilininyima usingizi kwa muda mrefu, na kwa sababu ukurasa huu husomwa na akina mama.

Lakini sharti nianze nyuma zaidi. Mwaka 1976 nilikuwa msichana wa miaka 12. Baba alikuwa fundi wa Reli mjini Tororo, nasi tulikaa katika nyumba za Reli, mahali palipokuwa na watu wa makabila mengi hata Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya uani na ya bombani. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa na umri wa miezi 9. Siku moja alianza kutapika, kisha ikaja homa, kisha akaharisha maji matupu. Wanawake wenziwe wakamwambia mama amtazame ufizi. Ufizi ulikuwa umevimba na kuwa na weupe mahali pa meno ya chonge, jambo ambalo sasa najua kuwa ni la kawaida kabisa kwa mtoto wa umri ule. Waganda na baadhi ya majirani zao huyaita meno hayo ebinyo. Huko Tanzania wako wayaitao meno ya plastiki. Akaitwa mzee mmoja, naye akaja na spoku ya baiskeli, ile njiti ya chuma ya gurudumu, iliyonolewa ncha, akayachimbua. Mimi ndiye niliyeshika taa. Nilimwona akimwonyesha mama vijimeno vyororo mfano wa punje za mchele mbichi, na mama akamshukuru, akamlipa. Siku ya tatu mdogo wetu akafariki. Mama alishikilia hata mwisho wa maisha yake kwamba meno ndiyo yaliyomwua, na kwamba kosa lake lilikuwa kuchelewa kumwita yule mzee.

Miaka 3 kabla ya usiku ule, yaani mwaka 1973, Ruth Bishop pamoja na wenzake Geoffrey Davidson, Ian Holmes na Brian Ruck walikuwa wamekwisha kuchukua vipande vidogo vya utando wa utumbo wa watoto wenye kuharisha katika Royal Children's Hospital, mjini Melbourne, Australia, na kuvitazama kwa hadubini ya elektroni. Waliviona virusi vimejaa tele ndani ya chembe za utumbo. Mwaka uliofuata Thomas Flewett wa Birmingham, Uingereza, alipendekeza viitwe rota, neno la Kilatini lenye maana ya gurudumu, kwa kuwa kila kimoja kilionekana kina kitovu, njiti fupi, na ukingo wa duara unaozizunguka. Nilipoisoma habari hiyo chuoni kwa mara ya kwanza nilikifunga kitabu nikatoka nje. Gurudumu na njiti zake! Mzee wa Tororo alikuwa na gurudumu mkononi, lakini la baiskeli.

Sikumwambia mama. Nilijua tangu mwanzo wa kazi yangu, naye alifariki mwaka 1999, na katika miaka yote hiyo sikupata moyo wa kumwambia kwamba mwanawe pengine alikufa kwa kukaukiwa na maji, na kwamba chumvi, sukari na maji yaliyochemshwa, vitu vilivyokuwamo nyumbani mwetu, huenda vingemwokoa. Nilijiambia kwamba namhurumia. Labda nilikuwa najihurumia mwenyewe, kwa kuwa ndiye niliyeshika taa.

Sasa nije kwenye ile chupa. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mtandao wa kuuchunguza ugonjwa huu katika Afrika, na Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoingia mapema. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: kila mtoto wa chini ya miaka 5 aliyelazwa kwa kuharisha kwa ghafla alijaziwa fomu, na choo chake kikachukuliwa na kuwekwa katika chupa ndogo. Katika mwaka 2009, siku ya Jumamosi, niliingia wodi ya watoto kukusanya chupa, nikamkuta mama mmoja kijana ameketi sakafuni kando ya kitanda, mtoto wake wa miezi 8 akiwa na mpira wa maji katika mshipa wa kichwa. Muuguzi alimwita Nalongo, ndipo nikajua kuwa ni mama wa mapacha. Kitandani alikuwako Kato peke yake. Nikauliza, bila kufikiri, Waswa yuko wapi.

"Ameruka," akanijibu.

Msomaji asiyejua mila za Waganda aelewe kwamba pacha hasemwi kuwa amekufa. Husemwa kuwa ameruka. Waswa alianza kutapika Jumatatu. Jumanne akachimbuliwa meno. Alhamisi akaruka. Kato alianza Jumatano, na alipoona hali imekuwa ile ile Nalongo hakumngoja mtu yeyote, alimbeba mgongoni akaja naye hospitali. Alinieleza hayo bila chozi, kama mtu anayetaja bei za sokoni. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mama aliyepata kuniuliza katika miaka yote ya kukusanya chupa.

"Musawo, mkishajua kilichomo humo, mtaniambia?"

Musawo ni daktari kwa Kiganda, lakini hutuita hivyo sote tuvaao koti jeupe. Nikamjibu, "Nitakuambia." Nilijibu upesi, kama ajibuvyo mtu anayetaka kuendelea na kitanda kinachofuata.

Ahadi ile ilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, majibu ya uchunguzi ule hayakuwa kwa ajili ya matibabu. Mtoto anayeharisha hutibiwa namna moja, awe na aina hii ya rota au ile: arudishiwe maji na chumvi alivyopoteza, apewe madini ya zinki kwa siku 10 hadi 14, aendelee kunyonya. Dawa za kuua bakteria haziwezi kitu mbele ya kirusi. Kato alipona kwa maji. Siku ya tano alitoka wodini akiwa amening'inia mgongoni mwa mama yake, anavuta kitambaa cha kichwa, na chupa yake bado haijafunguliwa. Pili, sisi kwetu tuliweza kujibu swali moja tu, yaani rota yumo au hayumo. Kwa swali hilo hutumika sahani ya plastiki yenye vishimo 96, ambavyo ndani yake vimepakwa kingamwili za kumnasa kirusi. Choo huchanganywa na maji maalumu, hutiwa kishimoni, huoshwa, hutiwa kingamwili nyingine yenye kimeng'enya, huoshwa tena, kisha hutiwa dawa ya rangi. Kirusi kikiwamo, kishimo hugeuka rangi ya buluu, na kikitiwa tindikali huwa cha manjano. Kishimo cha Kato kilikuwa cha manjano kama ute wa yai.

Rota yumo. Lakini ni rota yupi? Hapo ndipo palipohitaji ujuzi na mitambo ambayo hatukuwa nayo, na chupa ikawekwa katika friza pamoja na nyingine kungoja safari. Karatasi zetu za maabara hazikuwa na jina la Kato wala la mtu yeyote. Yeye alikuwa nambari 117.

Mwaka 2010 niliteuliwa kwenda mafunzoni kwa majuma 2 katika maabara ya kanda huko Ga-Rankuwa, karibu na Pretoria, Afrika Kusini. Sampuli zetu zilikuwa zimetangulia, zimefungwa katika barafu kavu. Nasema kweli, nilikwenda nikiwa na hofu ya mwanafunzi mzee. Nilikuwa na miaka 46, na wenzangu wengi walikuwa watoto wa kuzaa. Hata hivyo mambo niliyoyaona huko nataka kuyaeleza kwa urefu kidogo, kwa kuwa mtu akisikia "vipimo vya jeni" hudhani ni uchawi wa Wazungu, kumbe ni kazi ya mikono na subira, karibu na kazi ya jikoni.

Kirusi cha rota ni kidogo mno. Ukivipanga elfu 13 kwa mstari, ndiyo kwanza vikaribie milimita 1. Ndani yake maagizo ya uzazi wake yameandikwa katika nyuzi 11 zilizo mbali mbali, kila uzi na urefu wake, na zote pamoja zina herufi zipatazo 18,500. Kazi ya kwanza tuliyofundishwa ilikuwa kuzitoa nyuzi hizo katika choo, kuzisafisha, na kuzitia juu ya kipande cha jeli kilichosimamishwa baina ya vioo viwili. Umeme hupitishwa usiku kucha. Umeme huzivuta nyuzi kushuka chini, na zilizo fupi hupenya upesi katika jeli kuliko ndefu, hivyo asubuhi huwa zimeachana kama wasafiri wa njia moja wasio na mwendo sawa. Bado huoni kitu. Jeli hulazwa katika maji yenye madini ya fedha, hutikiswa polepole, kisha hutiwa dawa ya kuitoa rangi. Nilisimama juu ya beseni lile nikiona mistari ya kahawia ikijitokeza mmoja mmoja: minne juu, kisha miwili, kisha mitatu iliyobanana, kisha miwili chini. Nne, mbili, tatu, mbili. Huo ndio mpangilio wa rota wa kundi A, lile linalowaugua watoto wetu zaidi. Katika sampuli nyingine uzi wa 11 huchelewa njiani na kusimama juu ya mahali pake, na mafundi huuita mpangilio huo mfupi. Nambari 117 ilikuwa na mpangilio mrefu.

Lakini mistari peke yake haitoshi. Ni kama kuwatambua watu kwa vivuli vyao: watu wawili tofauti waweza kuwa na kivuli kimoja. Jina kamili la rota hutokana na protini mbili za gamba lake la nje, ambazo ndizo kinga ya mwili wa mtoto huzitambua kwanza. Moja hupewa herufi G, nyingine herufi P, kila moja na nambari yake. Siku hizi zimekwisha kuhesabiwa zaidi ya aina 40 za G na zaidi ya 50 za P, kwa wanadamu na wanyama pamoja, ingawa kwa watoto zinazotuhangaisha ni chache: G1P[8], G2P[4], G3P[8], G4P[8], G9P[8], G12P[8], na huku kwetu Afrika pia G8 na P[6], ambazo hazikuwa nyingi katika mabara mengine.

Ili kuzijua, uzi wa kirusi hugeuzwa kwanza kuwa nakala ya namna nyingine iliyo imara zaidi, kisha nakala hiyo hutiwa katika mashine inayoipasha moto na kuipoza, kuipasha na kuipoza, na kila mzunguko huzidisha nakala mara mbili. Mizunguko 30 huifanya nakala 1 kuwa zaidi ya bilioni 1. Halafu hurudiwa tena, safari hii kwa mchanganyiko wa vipande vidogo vilivyotengenezwa makusudi, kila kipande kikijua kushika aina moja tu. Kikishika cha G1, kinachotoka kina urefu wa herufi 749. Cha G2, herufi 652. Cha G9, herufi 306. Vivyo hivyo kwa upande wa P: P[4] hutoa 483, na P[8] hutoa 345. Kwa hiyo mwishowe fundi hapimi kitu kingine isipokuwa urefu, kama fundi cherehani. Hutia kwenye jeli, huweka kando kipimo chenye vidato vinavyojulikana, na kusoma.

Wako watoto waliotoa mistari miwili ya G, maana walikuwa na virusi vya aina mbili kwa wakati mmoja, na hao ndio hutisha, kwa sababu aina mbili zikikutana katika chembe moja ya utumbo zaweza kubadilishana nyuzi zao, ikazaliwa mchanganyiko usiokuwako jana. Wako pia waliokataa kutoa mstari wowote, nao husomwa herufi kwa herufi. Nambari 117 haikuwa na matata. Ilisimama kwenye 306 upande mmoja na 345 upande mwingine. G9P[8].

Mwalimu wetu aliandika daftarini na kupita. Mimi nilibaki nikiitazama taa ya jeli. Aina ya G9 ilikuwa imeonekana Marekani katika miaka ya 1980, ikatoweka machoni pa wataalamu, ikarudi katika miaka ya 1990 na kuzunguka dunia nzima. Mtoto aliyezaliwa kwenye kibanda cha udongo nyuma ya soko letu alikuwa ameguswa na msafiri huyo. Na palepale nikakumbuka kwamba nilimwahidi mtu.

Ndugu wasomaji, ingefaa niseme kwamba nilirudi nikaenda kwake moja kwa moja. Sikwenda. Ilipita miezi mingi. Utaratibu ulikuwa majibu yaende Wizarani katika majedwali, si kwa mzazi mmoja mmoja, nami nikajificha nyuma ya utaratibu huo. Nilimwona mara mbili sokoni nikapita njia nyingine. Maana nilijua hataniuliza juu ya Kato. Kato alikuwa anatembea. Ataniuliza juu ya Waswa.

Kilichonitoa nilipojificha ni habari niliyopewa na muuguzi, kwamba Nalongo amejifungua tena, naye mtoto ana miezi 4. Afuataye mapacha huitwa Kizza. Miezi 4! Bado kidogo ufizi wa Kizza ungevimba, na yule mwenye spoku alikuwa akikaa nyumba ya nne kutoka kwake.

Nilimkuta chini ya mfenesi akimenya matoke. Kato alikuwa akivuta mkia wa mbuzi. Nikamwambia kwamba ile chupa imesomwa, na kilichomo ni kirusi, na jina lake ni hili. Akaniuliza kirusi hicho hukaa wapi. Nikamwambia hukaa katika choo cha mtoto mgonjwa, mabilioni katika gramu 1, na hupita kwa mikono, kwa kikombe, kwa kitambaa, hata katika nyumba safi, na chache tu zatosha kumwangusha mtoto baada ya siku moja hadi tatu.

"Kwa hiyo Kato hakuwa na ugonjwa wa meno."

"Hakuwa nao."

Aliendelea kumenya. Nikasikia nafsi ikiniambia inuka, uage, umekwisha kutimiza ahadi. Waswa hakuwa na chupa. Hakuna jeli iliyopata kumsoma, na mtu wa maabara hasemi asichopima. Hilo ni kweli, nami nimelifundisha kwa vijana wengi. Lakini nilimtazama Kizza amelala juu ya jamvi, kinywa wazi.

Nikamwambia, "Waswa sikumpima, na siwezi kuapa. Lakini walilala mkeka mmoja, wakanywa kikombe kimoja, na mwenziwe akafuata baada ya siku mbili, kwa dalili zile zile. Mimi naamini ilikuwa hiyo hiyo G9. Meno hayakumwua. Wala hukumwua wewe. Alikosa maji, na hakuna aliyekuambia." Kisha nikamweleza juu ya mdogo wangu na taa niliyoishika. Sikuwahi kumweleza mtu.

Akaweka kisu chini, akaingia ndani. Alikaa huko muda mrefu hata nikadhani sitamwona tena siku ile. Alipotoka alikuwa na daftari la shule na kalamu. "Niandikie jina lake," akasema. Nikaandika G9P[8] kwa herufi kubwa, na chini yake, bila kuombwa, nikaandika: maji safi yaliyochemshwa lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko kidogo. Akaichana karatasi, akaikunja ndani ya kadi ya kliniki ya Kizza. Hakunishukuru, wala mimi sikuona kwamba nastahili.

Kizza aliota meno yake yote.

Mwaka 2018 Serikali ilianza kuwapa watoto chanjo ya rota, matone ya kumeza katika juma la 6 na la 10. Burundi, Rwanda, Tanzania na Kenya walikuwa wametutangulia kwa miaka kadhaa. Mwanzoni mwa 2019 nilikuwa napita mbele ya kliniki ya watoto, nikamwona Nalongo kwenye benchi na mtoto mwingine, Kamya, yaani afuataye Kizza. Kwa benchi zima alikuwa yeye tu asiyetaka kuingia. Aliponiona alifungua kadi, akatoa ile karatasi, imegeuka rangi ya chai.

"Musawo, nimemwuliza muuguzi chanjo hii imetengenezwa kwa ipi. Ameuliza mkubwa wake, amesema ni G1P[8]. Yetu ni G9."

Sijui kama msomaji aweza kufahamu furaha na aibu niliyoipata kwa pamoja. Katika miaka yote niliwasikia watu wakikataa chanjo kwa sababu ya uzazi, kwa sababu ya dini, kwa sababu ya redio. Huyu alikataa kwa sababu ya jedwali. Na swali lake ndilo hasa waliloliuliza wataalamu kabla yake.

Nikaketi. Nikamwambia kwanza atazame sehemu ya pili ya jina: yake ina P[8], na ya chanjo ina P[8], basi ni ndugu wa upande mmoja. Tena kinga ya mtoto haishiki jina peke yake, hujifunza mengi ya kirusi. Nikamweleza kwamba chanjo hiyo ilijaribiwa kwa watoto wa Afrika Kusini na Malawi, na matokeo yakatangazwa mwaka 2010. Huko Malawi virusi vilikuwa vya aina nyingi, na walipotenganisha kwa vipimo vile vile vya jeni, kinga dhidi ya aina nyingine haikuachana mbali na kinga dhidi ya G1. Wasingeujua ukweli huo bila ya kuisoma chupa moja moja.

"Iliwakinga wangapi?"

Nikasita, kisha nikamwambia kama ilivyo. Katika mwaka wa kwanza wa maisha, ugonjwa mkali wa rota ulipunguzwa kwa asilimia 76.9 Afrika Kusini, na kwa asilimia 49.4 Malawi.

"Sisi ni kama Malawi," akasema.

"Yaelekea."

"Nusu."

"Nusu ya ugonjwa mkali."

Wako watakaonilaumu kwamba mama hapaswi kupewa hesabu za namna hiyo, apewe amri tu. Mimi siafiki. Amri ndiyo aliyopewa mama yangu, na yule mzee alikuwa na sauti ya amri kuliko daktari yeyote. Ningeweza pia kumpa Nalongo hesabu kubwa zaidi, kwamba Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo 528,000 vya rota duniani kwa watoto wa chini ya miaka 5 katika mwaka 2000, na 215,000 katika mwaka 2013, lakini hesabu za dunia hazimsaidii mtu aliyezika mmoja.

Akaniuliza neno moja la mwisho: je, G9 ikiona G1 imefungiwa mlango haitazidi? Nikamwambia hilo ndilo linalowafanya wenzangu waendelee kukusanya chupa hata baada ya chanjo. Tangu 2008 wataalamu walikubaliana kuzipa herufi nyuzi zote 11, si zile mbili tu, ili mchanganyiko usijifiche chini ya jina la zamani. Na haikuwa hofu ya bure. Huko Malawi, baada ya chanjo kuanza mwaka 2012, vilionekana virusi vyenye jina la G1P[8] kwa nje, lakini nyuzi za ndani zikiwa za ukoo wa pili, ule wa G2. Mwenye kusoma gamba peke yake angesema ni yule yule. Hata hivyo mpaka leo chanjo haijashindwa kwa sababu hiyo, nasi twaendelea kutazama.

Muuguzi akaita. Nalongo akainuka. Nilimwona Kamya akikunja uso kwa ladha ya matone, akameza.

Mwezi wa Novemba mwaka ule ule, Kamya akiwa na miezi 11, Nalongo alinijia maabara asubuhi na mapema. Mkononi alikuwa na chupa ya jemu iliyooshwa vizuri, imefungwa kwa nailoni na uzi. Kamya alikuwa akiharisha kwa siku ya pili, anakunywa maji ya chumvi na sukari, ananyonya, ananuna tu. "Tazama ni ipi," akasema.

Sheria ilisema sampuli za uchunguzi ni za watoto waliolazwa. Kamya hakulazwa, na kwa hiyo chupa yake haikuwa na fomu wala nambari wala safari. Lakini katika sahani ya siku ile palikuwa na vishimo vitatu visivyo na mwenyewe. Niliutia mmoja. Nalongo aliketi kwenye kibao cha nje, Kamya mapajani, saa mbili na nusu, hata wakati wa kutia rangi ulipofika. Nikamwita aje atazame mwenyewe. Kulia na kushoto vishimo viwili vya wodini vilikuwa vya manjano. Cha Kamya kilikuwa cheupe kama maji.

"Si G9?"

"Si rota kabisa. Ni kidudu kingine."

"Kipi?"

Nikamwambia hospitali yetu haina kipimo chake. Akakitazama kile kishimo tena, akaniomba chupa yake ya jemu.

"Basi nitairudisha mtakapokuwa nacho," akasema.